Kalunguyeye wa Jumapili

Siku Metodi, mwoka mikate, alipowaona kwa mara ya kwanza, alikuwa amempelekea shemeji yake banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, iliyobaki tanurini. Shemeji huyo, Iliya, mume wa dada yake, alikuwa na chumba cha kompyuta karibu na soko la Lom. Ilikuwa Jumapili ya joto, vijana wote wako mtoni Danubi, viti vitupu. Kompyuta moja tu ilikuwa inawaka. Ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mkononi amevaa mwanasesere, kalunguyeye aliyeshonwa kwa koti kuukuu, miiba yake nyuzi za ufagio. Kalunguyeye alisimama mbele ya mlango uliokatwa kwenye boksi la viatu, anatetemeka.

"Haya, jamaa zangu," mwanamke akasema. "Bodlyo afanye nini?"

Chini ya picha maneno ya watazamaji yakaanza kumiminika. Avunje mlango. Apige kelele. Auchome moto.

"Hawa nani?" Metodi akauliza.

"Watu wetu waliotawanyika," Iliya akasema huku akitafuna. "Huyu yuko Hispania anachuma machungwa, huyu yuko Marekani, mumewe dereva wa lori. Na huyo mama anaitwa Snezhina, yuko Vidin. Alikuwa fundi cherehani wa jumba la michezo ya wanasesere mpaka likafungwa. Wakikubaliana neno moja, Bodlyo analitenda. Hebu andika na wewe."

"Mimi? Niandike nini?"

"Andika hata kwamba wewe mpumbavu. Nani anakujua huko?"

Metodi aliishia shule ya msingi, na kidole chake kilitafuta kila herufi kama kuku atafutavyo punje. Alipomaliza, wenzake walikwisha kuchoma mlango mara tatu. Alikuwa ameandika: Akae kwanza. Amechoka.

Snezhina aliyasoma kwa sauti. Kisha akamkalisha Bodlyo juu ya kifuniko cha chupa, na kalunguyeye akashusha pumzi ndefu hata miiba ikalala. Watazamaji wakacheka. Halafu mmoja akaandika kwamba sasa, kwa kuwa Bodlyo ametulia, anasikia mtu analia nyuma ya mlango. Hapo ndipo hadithi ilipoanza hasa.

Tangu siku hiyo wakamwita Kaa Kwanza. Kila Jumapili alasiri alinawa unga mikononi, akabadili shati kana kwamba anaonekana, akaenda kwa Iliya. Msimu wa kwanza Bodlyo alizunguka dari la nyumba lenye panya washairi. Wa pili alipata kazi kwenye kinu cha maji kilichosaga ndoto za watu badala ya ngano.

"Kaa Kwanza," Snezhina alimchokoza siku moja, "leo mbwa mwitu yuko nyuma yetu. Utasema nini?"

Metodi akatafuta herufi. Akae kwanza. Juu ya mti.

Snezhina alicheka mpaka Bodlyo akamchomoka mkononi. Metodi aliubeba mcheko ule wiki nzima, akikanda unga. Alikuwa amepita miaka arobaini, hana mke, na wanawake waliokuja dukani aliwajibu kwa kichwa tu, macho kwenye mizani. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, mwanamke yule amjue, naye apate ulimi wa kumwambia.

Kisha mama yake Snezhina akafariki. Snezhina akamfuata dada yake huko Valencia, Hispania, akapata kazi ya kumtunza mzee mmoja mgonjwa. Alimchukua Bodlyo ndani ya begi, na msimu wa tatu, ule wa stesheni isiyo na treni, aliuchezea jikoni kwa mzee yule, nyuma yake kumetundikwa vitunguu vya huko. Ulidumu kuliko yote. Lakini watu walipata simu mpya, watoto, usingizi wa mchana. Jumapili ya mwisho walibaki wachache. Walikubaliana treni ije, nayo ikaja, boksi la chai lenye magurudumu ya vifungo. Bodlyo akapanda, akawapungia mkono. Snezhina akamshukuru kila mmoja kwa jina lake, halafu akasema, "Kaa Kwanza, wewe subiri kidogo."

Iliya alikuwa amekwisha kununua kamera. Aliiwasha, akatoka nje bila kuambiwa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Snezhina kumwona.

"Kumbe una masharubu," akasema. "Nilidhani wewe mwembamba."

Metodi akayagusa masharubu yake.

"Nisikilize. Mzee wangu amekufa. Dada anataka nibaki, kazi nyingine ipo. Nyumba ya mama iko Vidin, ila sina moyo wa kurudi kwenye kuta tupu. Nikuulize wewe. Nikirudi, utanipokea? Sisemi kunibebea mizigo stesheni. Unanielewa, sivyo?"

Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. La Metodi lilifungwa siku hiyo na ufunguo ukapotea. Kichwa chake tu ndicho kilichotii, kikaenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama kila mtu wa Lom anavyosema ndiyo tangu anyonye.

Snezhina alimtazama. Akavua miwani.

"Haya," akasema taratibu. "Asante kwa kutonificha."

Picha ikazimika.

"Umemwambia nini?" Iliya akauliza mlangoni.

"Nimemwambia ndiyo."

"Kwa mdomo wako huu?"

"Nimemwambia, bwana."

Akapaka chokaa chumba cha uani, akatengeneza bawaba za dirisha. Vuli yote, kila Jumamosi, alipokea treni ya mchana na banitsa ya moto ndani ya kitambaa. Wafanyakazi wa stesheni wakamzoea. "Leo ya jibini au ya maboga?" walimuuliza, na treni ikiondoka walikula wao. Theluji ilipoanguka, akaacha kwenda. Alijiambia kwamba Snezhina aliona uso wake, akafikiri upya. Ukurasa wa mchezo ulikwisha fungwa, na hata ungekuwa wazi, asingethubutu kuandika.

Mwaka wa pili, wakati wa kiangazi, mwanamke mmoja aliyevaa kofia pana aliingia dukani. Alikuwa Bistra, yule mke wa dereva wa lori, amekuja likizo kutoka Marekani.

"Wewe ndiye Kaa Kwanza?" akasema. "Mtu mpole wa maandishi, jiwe la moyo. Ulimkataaje Snezhina namna ile?"

"Nani kamkataa?"

"Wewe. Alinisimulia analia. Alikuuliza, wewe ukafanya hivi." Akapeleka kichwa kulia na kushoto.

Metodi akaweka kisu chini. "Bistra," akasema, "hiyo ni ndiyo."

Bistra alibaki kichwa kimeelekea upande. Halafu akashika shavu. Alitoa simu, akapiga mwenyewe, akaitia mkononi mwa Metodi, akatoka akasimama juani.

"Snezhina? Ni Metodi. Wa Lom."

"Sauti yako nzito."

"Siku ile nilikubali. Kwa kichwa. Kama huku kwetu."

Akasikia sahani zikigongana, kisha zikaacha.

"Yule mzee niliyemtunza alikuwa hawezi kusema," Snezhina akasema. "Miaka yote tulizungumza kwa kichwa, kwa desturi ya huku. Kulia na kushoto, hataki supu. Chini, anataka. Nilikusoma wewe kama nilivyomsoma yeye. Mimi, mzaliwa wa Vidin."

"Nilikungoja stesheni."

"Usiniambie."

"Nilipaka chumba..."

"Metodi, nakuomba. Nimeolewa tangu Pasaka. Ni mtu mwema. Yuko mezani, ananingoja nipakue."

Mwanamume aliita kwa lugha ya huko, na Snezhina akamjibu neno moja, kwa upole. Sasa ndipo maneno yalipomjia Metodi, yale yote ya Jumapili zote, yakajaa kinywani, na hapakuwa na hata moja la kufaa kitu. Akasema, "Basi mpakulie, chakula kisipoe."

Alimsikia analia, hajifichi. Baadaye akapenga kamasi.

"Mwingine akija kukuuliza," Snezhina akasema, "mjibu kwa mdomo."