Rangi Chini ya Boneti

Nyumbani kwetu, juu ya Masimba, hakuna mahali pa tambarare pa kuegesha hata baiskeli. Ndiyo maana nilikaa karibu mwaka mzima bila kujua kwamba gari la marehemu baba lilikuwa linaumwa. Kila jioni nililielekeza pua bondeni. Asubuhi naachilia breki, linateremka, naingiza gia ya pili, linakohoa mara mbili na kuwaka. Majirani wote wenye magari makuukuu hufanya hivyo, na tunajiona wajanja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi wa milimani tumejidanganya kwamba mteremko ni dawa.

Gari liliniumbua mjini Kisii, kwenye uwanja wa hospitali, mama akiwa ndani yake. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho kwa miaka mitatu. Alifika mahali pa kutia chumvi kwenye chai. Siku hiyo daktari alikuwa amempangia upasuaji Alhamisi ya wiki iliyofuata, na mimi nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Nikageuza ufunguo. Kimya.

"Umeona?" mama akasema, kadi ya hospitali mapajani. "Hata gari la baba yako limekataa."

Nilimwelewa mara moja. Mama aliogopa kisu, na alikuwa ameapa kwamba akienda kupasuliwa, atakwenda kwa gari la mume wake na si jingine. Sasa alikuwa amepata sababu. Likikataa tena Alhamisi, alisema, atajua ni mzee anayemkataza. Na mama akishasema neno, hata mchungaji hamtoi hapo.

Watu wakatusukuma. Nikanunua betri mpya. Siku mbili mambo yakawa sawa, ya tatu betri ikaisha. Jumatatu nikasukumwa tena mpaka kwa fundi mmoja wa umeme wa magari mjini, Mwislamu aliyezaliwa papo hapo Kisii, ambaye watu wake walikuja zamani na biashara wakabaki. Kiswahili chake hunitia aibu, mimi ninayekifundisha darasani. Karakana yake imepakana na duka la vipuri la ndugu yake.

"Fundi, nifungie altaneta ingine," nikamwambia kabla hata sijamsalimu vizuri. "Hii imekufa. Betri ni mpya, lakini haiichaji."

"Nani kakwambia imekufa?"

"Si kila mtu anajua? Betri ikiisha hivyo ni altaneta."

"Mwalimu, wewe huwapa watoto alama kabla ya kusoma insha zao?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, na Alhamisi ilikuwa inakuja mbio. Yeye akafuta mikono, akatoa mita yake ya zamani iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kipande cha chaki. Akapima betri injini ikiwa imezimwa: volti kumi na moja na nusu. Akaandika sakafuni. Tukawasha gari kwa nyaya na betri ya karakana, akapima tena. Kumi na mbili, na haipandi.

"Si nilisema?" nikamwambia.

Fundi akahamisha sindano za mita hadi kwenye altaneta yenyewe. Kumi na nne na nusu. Akaandika hiyo pia, akaizungushia duara.

"Huyu ni mzima," akasema. "Anapika vizuri. Chakula ndicho hakifiki mezani."

Basi akaanza kuifuata njia ya umeme, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Waya mkubwa unaotoka altaneta kwenda betri ulikuwa safi ncha zote mbili. Halafu akaweka sindano moja kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. "Hapa panatakiwa pasisome kitu," akasema. Mita ikasoma volti mbili na nusu. Ndipo akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Ninamheshimu mtu huyu, na niseme wazi kwa nini. Altaneta zilikuwa zimepangwa dukani kwa ndugu yake, hatua tano kutoka tuliposimama. Angeniuzia moja, ningemshukuru na kuondoka. Lakini hakutaka kubadilisha kitu ambacho hakijakosa.

Akafungua bolti ya ule waya mnene unaofunga injini kwenye bodi ili umeme upate njia ya kurudi. Chini yake kulikuwa na rangi ya bluu, laini, ya kupendeza.

"Nani alipaka rangi humu ndani?"

Ni mimi, wiki ya mazishi ya baba. Kwetu mazishi yana macho mengi. Watu hutazama jeneza, hema, nyumba, na gari linalotangulia mwili. Rangi ya kijani ya baba ilikuwa imepauka, nami sikutaka achekwe. Nikamwamuru fundi wa rangi apulize bluu hata chini ya boneti. Akafungua waya, akapaka, akaurudisha juu ya rangi.

"Umeme haupiti kwenye rangi," fundi akasema kwa upole. "Ulikuwa unapenya kwenye meno ya bolti tu. Mteremko wenu ndio uliowasitiri."

Akakwangua kwa kisu na msasa mpaka chuma kikang'aa. Kuzunguka chuma pakabaki pete ya kijani cha zamani, rangi ambayo baba aliichagua alipokuwa akifanya kazi upande wa Itumbe, katikati ya majani chai. Akafunga bolti, akapaka grisi, akapima kwenye betri. Kumi na nne na ushei. Nikamwomba aguse pale kwa bluu, maana palikuwa na sura mbaya.

"Hapa usipake tena, mwalimu. Paache hivyo hivyo."

Jumatano jioni niliegesha pua ikitazama mlimani. Alhamisi mama akaketi, ametega sikio. Nikageuza ufunguo, likawaka mara moja. Akakaza kitambaa chake kichwani.

"Haya. Twende."

Kesho yake, baada ya upasuaji, walimwondolea bandeji. Alitoka akinishika mkono, halafu akauachia. Akanitazama usoni muda mrefu, akaniambia nimezeeka. Tukafika kwenye gari, akasimama.

"Hili ni la nani?"

"Ni la baba, mama."

"La baba yako ni kijani. Mimi sipandi gari la watu."

Sikuwahi kumwambia kuhusu rangi. Kila mtu nyumbani alidhani mama anajua. Nikafungua boneti na kumwonyesha bolti. Mama akainama. Kidole chake kikaenda moja kwa moja hadi kwenye ile pete ya kijani, bila kupapasa.

"Kumbe mlimfunika tu," akasema.

Akafungua mlango mwenyewe, akaketi mbele.