Magazini ya Sita

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto viliondoka kwa pigo moja la panga, akiwa askari wa miaka ishirini na minne, kwa sababu bastola yake ilifyatua risasi moja tu. Ya pili haikuingia mtutuni. Ilisimama kichwa juu, ikabanwa, na yule mtu aliyekuwa akilengwa akaiona, akacheka, akasogea. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Vidole Vinane, naye aliitika bila kununa. Alipotoka hospitali aliomba kuhamishiwa ghala la silaha la kituo, akawa fundi wake kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu katika chumba cha pili, na niliyoyaona nayaandika kama nilivyoyaona.

Ghala lilikuwa chumba cha hatua sita kwa nne, chenye dirisha la nondo na meza iliyotandikwa zulia kuukuu ili chuma kisikwaruzike. Askari alipoleta bastola inayokwama, fundi hakuuliza bastola imefanya nini. Aliuliza ni magazini ipi iliyokuwamo, yaani kile kisanduku chembamba kinachobeba risasi ndani ya mpini, chenye springi ya kuzisukuma juu na midomo miwili ya bati ya kuzizuia zisitoke kabla ya wakati wake. Magazini hiyo aliitia katika bastola nyingine, na bastola ile akaipa magazini nyingine, kisha akaenda uwanjani kupiga. Kosa likiifuata magazini, bastola aliiachilia huru. Likibaki kwenye bastola, hapo ndipo alipotafuta masizi, springi iliyolegea au ukucha uliovunjika wa kutolea maganda.

“Bastola yenu imechoka, mzee,” askari mmoja alimwambia siku moja.

“Magazini umeiangusha wapi?”

“Sijaiangusha.”

“Basi imejiangusha yenyewe. Tuipe pole.”

Alikuwa na kipande cha shaba alichokichonga kwa tupa mpaka upana wake ukawa sawasawa na nafasi kati ya midomo ya magazini nzima. Shaba ikikataa kupita, magazini ni salama. Ikipita, mdomo umepanuka, japo kwa unene wa unywele, na risasi itainuka mapema na kusimama kichwa juu. Magazini ya namna hiyo ikikwamisha risasi mara mbili, aliiweka juu ya kipande cha reli mbele ya askari aliyekuwa nayo, akaipondaponda kwa nyundo mpaka ikawa bapa kama kopo lililokanyagwa na lori. Ilikuwa desturi yake, na hakuna aliyekumbuka siku aliyoiacha.

Mkuu wa kituo ndiye aliyeikomesha. Magazini mpya zilichukua miezi minane kufika, na kila iliyopondwa ilihitaji maelezo kwa nakala tatu. Akaamuru kwamba mbovu zipakwe rangi nyekundu kitakoni na zitumike katika mazoezi tu. Fundi alipinga kwa maneno, kisha akatii. Mwaka ulipokwisha, kasha la mazoezi lilikuwa na magazini sita za kitako chekundu.

Mwaka huohuo mpwa wake aliletwa kituoni, akapangiwa kumsaidia ghalani siku ambazo hayuko doria. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtoto pekee wa dada yake, mjane aliyeishi kwa cherehani. Dada alikuja siku ya kwanza na kanga begani, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

“Kaka, huyu ndiye niliye naye,” alisema. “Nakukabidhi wewe, sikabidhi serikali.”

Mjomba na mpwa walitaniana kutwa. Kijana aliniambia, mjomba akisikia, kwamba mzee akistaafu yeye atarithi ile nyundo. Mzee akajibu kwamba nyundo inataka vidole vinavyojua kazi, na kumi vya mpwa wake vyote ni vya kushikia kijiko.

Mwaka uliofuata ukaja ukaguzi. Siku moja kabla, fundi alipewa ruhusa kumpeleka mkewe kung'olewa jino. Mpwa akataka kumshangaza. Alikusanya magazini zote arobaini za kituo, akazitoa risasi, akazitia katika karai moja la petroli, akaenda kula. Aliporudi, petroli ilikuwa imegeuka nyekundu. Magazini zote ziling'aa, na zote zilifanana.

Hakuficha. Aliacha karatasi mezani: “Mjomba, rangi imetoka. Sijui zipi ni zipi. Zisigawiwe mpaka upime. Nisamehe.”

Asubuhi ikapigwa simu kwamba watu watatu wenye silaha wamevamia ghala la mbolea, mtaa wa pili kutoka kituoni, na wamemfunga mlinzi kwa waya. Ilikuwa saa moja na nusu, na fundi alikuwa hajafika. Sajenti wa kaunta alifungua kwa ufunguo wa akiba, akagawa bastola nne, magazini nane na risasi za kuzijaza, akawaondoa askari wanne. Mpwa alikuwa mmoja wao. Alimwambia sajenti habari ya petroli, na sajenti akamjibu kwamba majambazi hawangoji rangi ikauke.

Fundi aliingia saa mbili kasorobo. Alisoma ile karatasi akiwa amesimama, akachukua shaba yake, akaanza kupima. Magazini thelathini na mbili zilikuwa zimebaki. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo kila iliyopitisha shaba: moja, mbili, tatu. Alifika tano, zikaisha.

“Ya sita imetoka,” aliniambia.

Sajenti akaita kwa redio. Jibu lililorudi ni milio ya risasi. Fundi alijaza magazini nne alizozipima, akazitumbukiza kifuani mwa shati, akachukua bastola yake na pikipiki ya tarishi.

Yaliyofuata niliyapata kutoka kwake na kwa mlinzi aliyefungwa. Dereva wa polisi alikuwa amelala kifudifudi langoni, kisogo kimefumuliwa. Askari mmoja alikuwa amejikunja chini ya gari akilishikilia tumbo lake kwa mikono miwili. Wa tatu alikuwa juu ya mapipa, akipigana na jambazi mwenye gobori lililokatwa mtutu. Mpwa alikuwa nyuma ya mizani ya magunia. Alikuwa amefyatua mara moja, akamwangusha jambazi mmoja kwa risasi ya shingo, na risasi ya pili ikasimama kichwa juu. Alifanya kama alivyofundishwa: akapiga kitako cha magazini kwa kiganja, akavuta, akalenga. Ikakwama. Akapiga tena, akavuta tena. Jambazi wa tatu aliliona hilo, akaacha kujificha, akamjia akitembea, panga mkononi.

Fundi alisema mlio wa bastola ile kukwama aliusikia kutoka langoni, akautambua kama mtu anavyoitambua sauti ya mdeni wake. Alipaza sauti kumwambia mpwa achomoe magazini. Kijana aligeuza uso kuelekea sauti ya mjomba wake, akainua mkono wa kulia kujikinga, na panga likashuka. Liliukata mkono chini ya kiwiko, ukabaki umeshikwa na ngozi. Lilipoinuka mara ya pili, fundi alikuwa amefika hatua tano kutoka kwao. Alimpiga yule mtu risasi mbili kifuani na ya tatu mdomoni. Kisha akalivua shati, magazini zikadondoka vumbini, akaufunga mkono wa mpwa wake kwa mikono ya shati na kukaza kwa meno, kwa kuwa vidole havikumtosha.

Yule mwenye gobori alikimbia. Kijana alipona, mkono haukupona.

Hospitalini, mpwa alipozinduka alisema kwamba kosa ni lake, ndiye aliyeosha. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, akimtazama kaka yake.

“Ni kweli?” aliuliza.

“Si kweli,” fundi alijibu. “Ilikwama mara mbili mikononi mwangu mwaka jana. Nikaipaka rangi.”

 Dada alimgeuzia mgongo, akaendelea kumlisha mwanawe kwa kijiko.

Jumatatu mkuu wa kituo alimwita fundi atie saini taarifa iliyosema askari alikiuka utaratibu wa kusafisha silaha. Fundi aliisoma mpaka mwisho, akaikunja bila saini. Akachukua ile magazini ya sita iliyokuwa mezani kama kielelezo, akapitisha shaba kati ya midomo yake mbele ya macho ya mkuu. Ilipita bila kugusa. Akairudisha mahali pake, akatoa taarifa yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja: tarehe zote mbili ambazo magazini ile ilikwama, amri ya rangi, jina la aliyeitoa na la aliyeitii.

Kisha akaenda ghalani. Mlango aliuacha wazi, na sisi sote tulitoka ofisini kutazama. Alizipanga zile magazini tano mbovu juu ya reli, akainua nyundo. Mkuu alimwamuru aache, mara mbili. Vipande vya bati viliruka mpaka kwenye meza yangu, na kimoja kilimchana fundi shavu. Hakuifuta damu. Alipofika ya tano aliendelea kuigonga muda mrefu baada ya kuwa bapa.