Mjane Anayepoza Magurudumu ya Malori ya Kabichi

Saa nne asubuhi, ukungu ungali umelalia miteremko ya Benguet, kaskazini mwa Ufilipino. Lori la kabichi linaingia konani likifuka moshi kwenye magurudumu ya nyuma. Fermina Dagwey anatua birika la kahawa, anasukuma jiwe mbele ya tairi, kisha anamzuia dereva aliyekwisha kushika mpira wa maji.

"Acha lipoe lenyewe kwanza. Ukilimwagia sasa, chuma kitapasuka."

Hii ndiyo kazi ya mjane huyu wa miaka hamsini na miwili. Huuza kahawa na viazi vitamu vya kuchemsha, na hupoza breki za malori yanayoteremsha mboga kwenda Baguio. Madereva humlipa walicho nacho, pengine kabichi.

Kona hii hakuichagua. Hapa ndipo lori la mumewe, Lauro, lilipotumbukia bondeni. Tajiri wake alifika matangani na gunia la mchele, akawaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa dereva mzuri, ila siku hiyo alizembea.

Jibu la maneno hayo Fermina alilipata baadaye, kwa mwalimu wa udereva aliyesimama kunywa kahawa. Mwalimu alimwambia asugue viganja kwa bidii. Vikapata moto. Ndipo akamweleza kwamba nguvu haizaliwi wala haifi, hubadilika tu. Dizeli inapolipandisha lori mlimani, nguvu yake haipotei yote. Nyingine hubaki kwenye lori kama akiba. Likiteremka, akiba hugeuka mwendo. Dereva akikanyaga breki, mwendo hugeuka joto. Na breki ikishiba joto, haishiki tena.

"Lauro alikanyaga mpaka mwisho," anasema Fermina. "Tangu Krismasi alikuwa akiomba breki ya injini, ile inayozisaidia breki za magurudumu, itengenezwe. Akaambiwa avumilie. Sasa nguvu ya lori zima na shehena yake ingekwenda wapi? Ilimwishia mume wangu."

Dereva wa leo anaitwa Rodel, kijana mwenye mtoto mchanga nyumbani. Simu yake haitulii: kabichi zinanyauka, wanunuzi wanangoja. Anamsihi Fermina aondoe jiwe.

"Shangazi, nitafukuzwa kazi."

"Bora ufukuzwe ukiwa hai, mwanangu. Kunywa kahawa."

Rodel anacheka bila furaha, anaketi. Moshi unapokoma na chuma kupoa, wanamwaga maji, naye anateremka salama.

Wiki inayofuata lori lilelile linapita bila kusimama, usukani mikononi mwa mtu mwingine. Dereva wa gari la nyuma ndiye anayeleta habari: Rodel alifukuzwa siku ileile, na wenzake wamekatazwa kusimama hapa. Fermina anageuza viazi chunguni.

Aliwahi kuwaomba wakubwa wa barabara wachonge njia ya kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Walimletea kibao: *Endesha kwa Uangalifu*.

Sasa ana mpango wake. Nyuma ya kona ana shamba linalopanda kilimani, alilonunua Lauro wajenge nyumba. Akishavuna viazi atalijaza kokoto nene. Lori lililoishiwa breki litapanda humo, mlima ulipunguze mwendo, kokoto zimeze uliobaki. Tayari yeye na majirani wanabeba kokoto kutoka mtoni kwa vikapu.

"Nyumba basi tena," anasema, akijitwisha kikapu. "Wasiosimama kwa kahawa yangu, watasimama humo."