Asiyekariri Atakariri

Wifi yangu akianza jambo, heri umpishe. Ameolewa na kaka yangu, tunafundisha shule moja, madarasa yetu yanapakana, na ukuta ulio kati yetu haufiki juu. Kwa hiyo hakuna anachosema nisichokisikia, nyumbani wala kazini. Sijui nilimkosea nani.

Shule yetu ina sheria ya tangu enzi za babu: madawati ya mbele ni ya walioongoza mtihani. Walioshika mkia hukaa nyuma, juu ya matofali, ambako ubao hausomeki. Na wanaoongoza ni wale wale kila mwaka, wenye vitabu nyumbani na mtu wa kuwafundisha jioni. Mwalimu akimaliza somo huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Tumeelewaaa!" Baada ya hapo ni kukariri. Asiyekariri somo, atakariri darasa. Neno ni hilo hilo moja, la kumeza maneno na la kurudia mwaka, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa kichekesho.

Mwaka huo wifi akapiga marufuku "tumeelewa".

"Hiyo 'tu' ni pango la kujifichia," aliwaambia. "Kila mtu aseme lake. Nimeelewa, au sijaelewa."

Tena atakayesema sijaelewa ndiye atakayekaa dawati la mbele mpaka aelewe. Wiki ya kwanza hakusema mtu. Wiki ya pili wajanja wa mbele wakaanza kuimba sijaelewa, sijaelewa, ili wasiondolewe madawatini. Upande wangu wa ukuta nilicheka mpaka chaki ikaniponyoka.

"Wifi, umezidiwa akili na watoto!" nilimwambia wakati wa chai.

"Cheka tu wifi, meno unayo."

Kesho yake aliongeza sharti: anayesema hajaelewa lazima aseme hajaelewa wapi. Wajanja wakanywea. Ndipo huko matofalini akainuka binti tuliyemwita Mtungi, kwa jinsi alivyotulia kama maji mtungini, akataja hasa alipokwama. Alikuwa ameshakariri darasa mara moja. Mama yake, anayefua nguo za watu, alikuwa ametuambia wazi, "Akikariri tena namtoa. Tutafua wote." Hakuwa na roho mbaya mama yule, alikuwa amechoka.

Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu, ambaye kwa siri tulimwita Kanuni, huingia kila darasa kuwahoji walioshika mkia. Yeye ndiye anayeamua nani apite na nani akariri. Zamu ya darasa la wifi ilipofika, niliwaachia wanafunzi wangu kazi, nikasogea mlangoni kwa wifi. Kanuni akamsimamisha Mtungi.

"Nusu, gawanya kwa robo."

"Mbili, mwalimu."

"Kanuni yake?"

"Geuza ya pili juu chini, kisha zidisha."

"Vizuri. Umeelewa?"

Ndiyo moja tu, na mtoto amevuka.

"Sijaelewa, mwalimu."

Nilishika kichwa. Jamani, mtoto huyu!

"Hujaelewa nini, na jibu umelipata?" Kanuni alifoka.

"Mtu akigawa kitu, kinapungua. Mimi nimegawa nusu, nikapata mbili. Mbona imeongezeka?"

Kanuni akamtazama wifi. Wifi akampa chaki. Kanuni akachora duara, akalikata nusu, akafuta, akachora tena. Akakata ile nusu vipande viwili vya robo, akarudi nyuma hatua moja, akaangalia.

"Mwalimu," Mtungi alisema polepole, "ni kama nina nusu ndoo ya maji, na kopo linalochukua robo ndoo? Nitachota mara mbili?"

"Mara mbili," alisema Kanuni.

"Kumbe swali ni robo inaingia mara ngapi!"

Kanuni akacheka. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumsikia akicheka. "Apite," alisema. Alipofika mlangoni akageuka na kumwambia wifi kwamba wangezungumza kuhusu yale matofali. Hawajayaondoa hadi leo, nisiwadanganye, lakini mazungumzo yapo.

Mimi habari njema hainikai kifuani. Nilitoka mbio hadi getini, ambako mama yake Mtungi alikuwa amesimama na beseni dogo jipya, la kumfaa mtoto.

"Mama, mwanao amepita!"

"Amepita wapi?" Alitazama barabara, kulia na kushoto. "Mimi sijatoka hapa getini tangu asubuhi, sijamwona."

Nyumbani kwao neno lile, kwa maana yetu, lilikuwa halijawahi kuingia.

"Amepita mtihani, mama," nilimwambia taratibu. "Hakariri. Anaingia darasa jipya."

Akaligeuza beseni, akalikalia, akafunika uso kwa viganja vilivyochubuliwa na sabuni.

"Sema tena," aliniambia.

Nikachuchumaa kando yake, nikasema tena.