Vitanda Kichochoroni

Kwetu kitanda kilikuwa siri ya nyumba. Mgeni alikaribishwa ukumbini, akaketi mkekani, akanywa kahawa, akaenda zake bila kujua tunalala juu ya nini. Ndiyo maana yule bibi wa afya wa Munisipali alipotuambia tutoe vitanda nje, kichochoroni, wanawake wa mtaa walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikijikuna mgongo bila kujijua.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule. Baba alifariki, mama akamfuata kaburini kabla ya mwaka kutimia, na mimi, mtoto wa kwanza, nikabaki na wadogo zangu wawili, msichana na mvulana, katika nyumba ya mawe ya babu, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mvita. Kazi yangu ilikuwa kuwamba vitanda kwenye karakana ya fundi mmoja. Kutwa nilivuta kamba kutoka upande hadi upande mpaka kitanda kikawa kigumu kama ngoma. Nilitengeneza malazi ya watu, na kwetu hakulaliki.

Walikuwa ni kunguni. Walikaa kwenye viungo vya mbao, pale matendegu, ile miguu ya kitanda, yanapoingia, na ndani ya kamba. Mdogo wangu wa mwisho, yule mvulana, shingo yake ilijaa vipele. Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa akija kutoka Mbaraki kututazama, na kila akija alimvuta mtoto dirishani akamgeuza shingo penye mwanga.

"Huyu ameumwa na nini?"

"Mbu, shangazi."

"Mbu wa wapi hawa, waumao kwa safu?"

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumchukua msichana akae naye, na mvulana apelekwe Malindi kwa ami yetu. "Wewe u kijana, utajimudu," aliniambia. Siku moja alikata shauri kabisa: "Nakuja Jumamosi. Nikiona alama nyingine shingoni kwake, nawachukua wote wawili. Wafungie nguo zao kabisa." Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mwenye hasira hupoa. Yeye hakuwa na la kupoa.

Basi nikazidisha ile dawa ya unga ya kuulia kunguni. Kila nyumba ilikuwa nayo. Ukiiomba dukani, muuzaji alikufungia kwenye gazeti bila kukutazama usoni. Yangu niliihifadhi katika kopo la maziwa, juu ya rafu ya jikoni, maana kwingine kote nyumba ilikuwa na unyevu. Niliinyunyiza chini ya mikeka na kwenye viungo vya mbao, mlango umefungwa. Mdogo wangu alikohoa, mimi nikamfungulia dirisha kidogo, kisha nikalifunga. Sikutulia. Nikiketi naondoka, nikilala naamka kupapasa kitanda chake.

Bibi wa afya alikuja na birika na tawi la mwarobaini. Alisimama uwani kwa jirani yetu, bibi kizee aliyekuwa akiishi peke yake, na wanawake wakakusanyika kumsikiliza, au tuseme kumtania.

"Hii dawa ya unga haichagui," alisema. "Inaua kunguni, inaua na mtoto. Tumieni maji yanayotokota. Mimineni katika kila kiungo, kisha kitanda kikae juani kutwa nzima. Shuka zichemsheni. Majani haya mtayatia chini ya mkeka."

"Mwanangu," bibi kizee akamwambia, "wewe watoka huko Rabai, waja kutufunza watu wa Mvita kulala?"

"Bibi, kunguni haulizi mtu kwao wapi."

"Basi anza na kitanda cha mkubwa wako wa Munisipali!"

Wakacheka tena. Bibi wa afya naye akacheka, akakunja mikono ya gauni lake. "Jumamosi asubuhi nitakuwa hapa na sufuria yangu. Atakayetoa kitanda nitamsaidia."

Jumamosi hiyo hiyo. Niliona heri kunyunyiza unga mpaka asubuhi kuliko shangazi kukuta kitanda cha marehemu ndugu yake kimeanikwa njiani kama samaki.

Alhamisi bibi kizee alituletea vitumbua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia konzi ya sukari au ndimu mbili. Niliporudi kazini alasiri, mdogo wangu wa kike alinipokea mlangoni, uso umemng'aa.

"Kaka, nimerudisha sahani ya bibi. Sikuirudisha tupu."

"Umetia nini?"

"Unga. Nimeusawazisha kwa kijiko, nikafunika na kawa."

"Unga upi?"

"Ule wa kopo la maziwa."

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka nimegonga bega ukutani, na nakumbuka kwamba sikupiga hodi. Bibi kizee alikuwa jikoni, amechutama mbele ya bakuli, mkono mmoja umeshika kikombe cha tui na mwingine unakwenda kwenye sahani. Kawa ilikuwa imeshatolewa.

"Bibi, usitie!"

"Mbona wanipigia kelele? Hata salamu hakuna?"

Nilimpokonya sahani. Alinikodolea macho, kisha akavuta pumzi. Harufu aliijua. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, nami nikangoja matusi.

"Huu si wa kula," akasema polepole. "Huu ni wa kitandani."

"Ndiyo, bibi. Ni mtoto, hakujua."

Akaonyesha rafu yake kwa kidevu. "Na wangu uko pale. Kando ya chumvi." Akamwaga tui, akanawa mikono mara mbili. "Jumamosi utanitolea changu. Mgongo wangu hauwezi."

Jumamosi nilitoa cha mdogo wangu kwanza, kisha changu, kisha cha bibi kizee. Bibi wa afya alimimina maji na mvuke ukajaa kichochoroni. Kunguni walitoka wakitambaa, watoto wakapiga kelele kila walipoona mkubwa. Baadhi ya majirani walifunga madirisha. Wengine, mmoja mmoja, walianza kutoa vyao.

"Fundi wa vitanda!" mpita njia mmoja akaniita. "Kumbe wewe walala na wapangaji!"

"Nao hawalipi!" bibi kizee akamjibu.

Hapo nikamwona shangazi ametokea kwenye kona, kikapu kitupu mkononi, cha kutilia nguo za wadogo zangu. Alisimama.

"Aibu gani hii mwanitia?"

"Aibu ni iliyokuwa jikoni kwangu juzi, mwanangu," bibi kizee alimwambia. "Hii ni vitanda tu. Shika ndoo hii ya maji."

Shangazi hakushika. Aliinama, akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaiingiza katika kiungo cha kitanda cha mdogo wangu, akaizungusha. Akaitoa, akaitazama juani. Akaenda kiungo cha pili, na cha tatu. Mimi nilikuwa nimeshika birika, maji yakipoa, siwezi kulitua wala kumimina. Alipomaliza alimwita mtoto akamgeuza shingo. Alama za zamani zilikuwepo. Alizitazama muda mrefu.

"Kitanda hiki kamba zimelegea," alisema.

"Ni maji ya moto, shangazi. Nitakiwamba upya leo."

"Kiwambe. Nitakuja Ijumaa nikiangalie."

Alikikunja kile kikapu, akakitia kwapani, akarudi alikotoka.

Alikuja Ijumaa ile na nyingine nyingi, na pini yake. Kila Jumamosi nilitoa vitanda, na kila jioni yake nikaviwamba upya, vidole vikichubuka, mpaka wadogo zangu wakakua humo humo. Hata leo nikilala ugenini, siketi kitandani kabla ya kuinua mkeka.