Pegi ya Kando ya Kanisa

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Mpimaji Mkuu akaviangalia, akaniuliza kama tunaenda kupima ardhi ama tunaenda harusi. Nikapewa gambuti na fimbo ndefu ya mistari nyekundu na nyeupe. Yeye anabaki mbali na tiodolaiti, ile darubini ya miguu mitatu. Mimi natangulia mbele, nasimamisha fimbo. Akiinua mkono wa kulia, nasogea kulia. Akishusha mikono yote miwili, napiga pegi, kile kigingi cha mpaka, hapo hapo. Kutwa nzima unaona mkono wa mtu, sauti husikii.

Mchana nilishika fimbo, jioni nikaenda darasani kusomea upimaji, watoto nikimwachia jirani hapa Tassia. Tulipima Kayole, tukapima Dandora. Halafu tukaletwa Mukuru kwa Reuben, kuonyesha mpaka wa barabara mpya. Mstari ulikuwa unakuja moja kwa moja kwa kanisa letu la mabati.

Mama Mwende, mwenyekiti wetu wa akina mama, alikuja akasimama kando yangu.

“Mama Brayo, huyo mzee ako mbali. Sogea tu hatua mbili.”

Nikamwambia ataona.

“Basi sogea Mungu aone.”

“Mungu ndiye ananiona saa hii, mama.”

Mikono ikashuka. Nikapiga pegi. Kona ya madhabahu ikabaki ndani ya barabara, na kanisa likabomolewa.

Tuliomba kwa hema mpaka tukapata ploti ingine. Hakuna mtu alinitukana. Waliacha tu kukaa benchi yangu. Nikisema Bwana asifiwe, wanaitikia wakiangalia mbele.

Kazi nayo iliisha. Siku hizi mpimaji anatembea na chombo cha setilaiti, peke yake, hahitaji mtu wa fimbo. Nyinyi mnaosomea hii kazi, hicho chombo kitawaambia mmesimama wapi. Mtakaa na nani Jumapili, hapo hakiwezi kuwasaidia.

Kanisa jipya lilipofika lenta, hapo juu ya madirisha, Mama Mwende alinifuata kule nyuma nilipokaa, akainama karibu na sikio langu.

“Na hapa, hawatakuja kutuvunjia?”

Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeenda kitambo, peke yangu, nikakagua bikoni zote, hizo chuma za mpaka. Ziko mahali pake.

Akashusha pumzi. “Asante, mama. Wewe ukisema, nalala.”

Akarudi kukaa na wenzake.