Kuku wa Bati wa Mzee Serafini

Nakumbuka Ijumaa moja ya miaka ile ya wakimbizi, asubuhi na mapema, nimechuchumaa kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli pale Gungu, chupa ya mawese mkononi, najiona fundi kuliko mafundi wote wa Kigoma. Mwanangu, laiti chupa ile ingeniponyoka ikapasuka! Haikuniponyoka, na ndiyo maana nina haya ya kukuambia leo. Kaa chini uyasikilize hadi mwisho, hata kama una haraka zako.

Wewe unanijua kwa injini zangu za makopo. Unazikuta zimepangwa dirishani, na nimewasikia mkinong'ona kwamba mzee amerudi utotoni. Nong'oneni tu, sina neno. Vitabuni wanaiita injini ya Stirling. Mimi naiita injini ya hewa, kama alivyoiita aliyenifundisha. Hainywi petroli wala haitoi moshi. Ni kopo limefungwa hewa ndani yake, chini unaliwekea moto mdogo, juu unaliwekea maji baridi ya ziwa. Ndani yake kuna kopo jingine dogo, linapwaya, linaisukuma ile hewa kwenda kwenye moto na kurudi kwenye baridi. Hewa ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na huko kutanuka na kusinyaa ndiko kunakozungusha gurudumu. Basi, hakuna uchawi.

Aliyenifundisha ni Mzee Serafini, Mrundi, mwalimu wa ufundi huko kwao kabla ya vita. Alivuka na watu wengine akiwa na shati moja na tupa ya kunolea vyuma, akapata pa kulala kwa mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, ambako maboti ya wakimbizi yalikuwa yakitia nanga. Siku ya kwanza alikuja kwangu kuomba spoku mbovu za baiskeli. Nikampa. Baada ya wiki akarudi kunionyesha alichokitengeneza.

Kilikuwa kopo la maziwa ya unga juu ya kibatari. Pistoni yake ilikuwa bomba la sindano la kioo, yale ya zamani ambayo hospitalini walikuwa wakiyachemsha. Gurudumu lilikuwa kifuniko cha kopo la rangi, na spoku zangu ndizo zilizoliunganisha. Juu ya gurudumu alikuwa ameweka kuku mdogo wa bati. Gurudumu likizunguka, kuku anainama na kudona kisahani: tok, tok, tok. Nilibaki mdomo wazi. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, na injini ikawa inalala kibandani kwangu, kwa sababu kule kwa dagaa paa lilikuwa linavuja.

Kila maboti yalipotarajiwa, Mzee Serafini alikuja kuichukua, akaenda nayo mwaloni, pale maboti yanapotia nanga, akawasha kibatari na kukaa. Mimi nilidhani anajiliwaza tu. Mzee wa watu amepoteza kila kitu, nikajisemea, mwache acheze. Alikuwa amenieleza kwamba anamtafuta binti yake, Goreti, waliyepotezana naye njiani usiku wa kukimbia, binti akiwa na mimba ya kwanza. Hilo nililijua. Nililisikia kwa sikio moja, kama ujana unavyosikia shida za watu wazima.

Akili yangu yote ilikuwa kwenye injini. Vijana wa Gungu walikuwa wakinicheka, "Fundi, siku hizi unafuga kuku?" Roho iliniuma. Nikaona injini nzuri namna ile inapotezwa kwa kudonesha kuku, wakati ingeweza kuzungusha dainamo ya baiskeli na kuwasha taa. Nikasema nitaiboresha. Neno hilo, mwanangu, nimeliogopa tangu siku ile.

Alhamisi jioni mzee aliniletea injini akaniambia, "Kesho yanakuja maboti mengi, mwana wanje. Nitaipitia mapema." Mwana wanje ni mwanangu, kwa lugha yao.

Ijumaa nikamtangulia. Nikamng'oa kuku, nikafunga dainamo, nikawasha kibatari. Gurudumu likagoma. Nikaona pistoni imekauka. Mzee alikuwa ananikataza kila siku nisiipake mafuta: pistoni ya kioo inapakwa unga wa penseli tu, ukiusaga laini. Nikajiambia, hizo ni shida za mkimbizi asiye na mafuta, sisi Kigoma mawese tunayo. Nikaipaka mawese. Unaujua ubaridi wa asubuhi za kipupwe. Mawese yaliganda ndani ya kioo kama uji uliolala. Gurudumu likagoma zaidi. Sasa fundi mjuaji akafanya nini? Nikaongeza moto! Nikaitoa kwenye kibatari nikaiweka juu ya jiko la mkaa, nikapepea. Risasi ya kulehemu iliyoshika maungio ikayeyuka, kopo likafumuka na kuinama upande, na lile bomba la kioo likadondoka kwenye sakafu ya saruji.

Mzee Serafini alinikuta nimeshika vipande.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Alimwokota kuku wa bati, akampangusa kwa shati lake, ndipo akasema, "Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka ifanye kazi ya maana, mzee. Iwashe taa."

"Ilikuwa inafanya kazi," akasema. "Watoto wakimwona kuku wanasimama. Mtoto akisimama, mama yake anamfuata. Mama akija, namuuliza habari za Goreti. Mimi sauti yangu ni ndogo, na pale mwaloni kila mtu anaita jina la mtu wake. Na Goreti anamjua kuku huyu. Nilimtengenezea mmoja alipokuwa mdogo." Akamgeuza kuku kiganjani. "Hukuniuliza ni ya nini."

Akaondoka na kuku mfukoni. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Siku nzima alipita katikati ya watu akiita jina la binti yake, na jioni alirudi sauti imemkauka kabisa.

Nilianza kutengeneza nyingine siku ile ile. Kopo nilipata, spoku nilikuwa nazo. Bomba la kioo ndilo lililonitesa, maana hospitalini walikuwa wameshahamia mabomba ya plastiki, na plastiki haikuwa laini vya kutosha. Nilizunguka mji mzima. Wiki ya tano mama mmoja mkunga mstaafu, huko Ujiji, alinifungulia sanduku lake la zamani akanipa la kwake, tena bila kuniuliza mengi. Nilisaga penseli. Nilifunga kila kitu kama mzee alivyonifundisha, sikuongeza langu hata moja, kisha nikamwomba kuku wake.

Tukaenda wote Kibirizi. Tok, tok, tok. Watoto wakajaa. Haikupita saa nzima, mama mmoja alikuja kumvuta mwanawe mkono, akamwangalia kuku, akasita.

"Huyu kuku nimesimuliwa," akasema. "Huyu ndiye anayekula moto?"

Mzee Serafini alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Nani alikusimulia?"

"Binti mmoja tulikuwa naye kwenye boti. Watoto walikuwa wanalia na mawimbi, akawa anawabembeleza na hadithi ya kuku wa bati wa baba yake. Ana mtoto mchanga mgongoni. Tulishuka hapa hapa, Ijumaa ile yalipokuja maboti mengi. Akakaa siku mbili anamtafuta babake katika umati ule, ndipo malori yakawapeleka kambini. Sisi tulibaki Bangwe kwa shemeji yangu."

Niliinama nikajifanya naongeza maji baridi. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu Ijumaa ile.

Kesho yake tulipata lori la kwenda kambini, mimi na yeye, na injini nimeipakata. Tulimkuta Goreti ameketi nje ya hema la plastiki, anachambua maharage. Alipomwona baba yake alisimama, ungo ukamwagika. Walishikana hapo muda mrefu. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta mtoto. Hakuwepo mgongoni wala kwenye mkeka.

"Alikuwa ameshaota meno mawili," Goreti akasema. Homa ilimchukua, na walimzika wiki moja kabla hatujafika.

Sitakudanganya kwamba injini ingemponya yule mtoto. Homa ile ilichukua watoto wengi waliokuwa na babu zao pembeni. Lakini babu yake angemwona, angembeba, hata kwa hizo wiki tano. Hicho ndicho nilichomnyang'anya, na hakuna fundi awezaye kukitengeneza.

Mzee Serafini aliomba apelekwe kaburini. Akaniambia niwashe injini. Niliharibu njiti tatu. Kuku akaanza kudona, pale juu ya udongo mbichi, akadona mpaka mafuta ya kibatari yalipoisha.

Tuliporudi hemani sikuweza kuvumilia. Nikamweleza Goreti yote: mawese, jiko, kioo kilichovunjika, na Ijumaa yenyewe. Mzee alinishika mkono kunizuia, nikaendelea. Goreti aliinuka. Kisha akaingia ndani, akanitolea maji ya kunywa kwenye kikombe, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa kwao. Mpaka leo sijui kama ulikuwa msamaha au ilikuwa heshima tu ya kumpa mgeni maji. Niliyanywa yote huku nalia.

Sasa unajua kwa nini natengeneza injini hizi na kwa nini kila moja ina kuku. Na unajua kwa nini juzi, uliponiambia, "Babu, hii ningeifanyia kitu ikaenda kasi," nilikufokea mpaka ukaondoka umenuna. Nisamehe kwa ukali ule. Una mikono mizuri kuliko yangu ya wakati ule, na ndiyo maana nakuhofia. Mikono mizuri ina kiherehere.

Nakuusia hivi, mwanangu. Ukikuta kitu cha mtu, iwe chombo, iwe desturi, iwe mama mzee anayefagia ua uliokwisha kuwa safi, usianze kukirekebisha. Kaa naye umuulize, "Hiki kinakufanyia nini?" Na akikujibu, msikilize kwa masikio yote mawili, si kama mimi. Pengine utakuta kinafanya kazi kubwa ambayo wewe hukuiona. Na ukiisha kuharibu, maana utaharibu tu, wewe ni binadamu, basi tengeneza upya kama kilivyokuwa, bila kuongeza lako, na ukaseme kosa lako kwa mdomo wako mwenyewe.

Mungu akubariki mikono yako na akupe subira ya kuuliza. Wale unaowatafuta uwakute wangali hai, na wanaokutafuta wakufikie mapema. Haya, chukua ile ya dirishani, ya kwanza kushoto. Ni yako. Penseli imo ndani ya boksi.